Pikipiki ya Kwenye Simu

(Muziki wa kufungulia unasikika, kisha unashuka taratibu.)

  

Jioni hii tunazungumzia pikipiki, au moto kama wengi wetu wa upande wa ziwa tunavyoiita. Si ile unayoiona imesimama chini ya mwembe na mwenyewe amekaa juu yake. Tunazungumzia ile unayoionea kwenye simu, unaambiwa iko Japani au Dubai, imetumika kidogo tu, na ukituma pesa italetwa mpaka Rumonge.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatugusa sisi kuliko watu wengine. Ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac ni nchi ya michikichi na samaki. Ni nchi nzuri, na ndiyo sababu ardhi yake haikai bila mtu. Waliokimbia mauaji yaliyoanza huko mwisho wa Aprili 1972, wengi waliporudi miaka ya 2000 walikuta shamba la baba lina mtu mwingine, tena ana karatasi mkononi. Serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na kuna kesi zilizochukua miaka mingi. Waliokimbia mwaka 2015 nao wanajiuliza watakuta nini. Kwa hiyo mtu anapiga hesabu hivi: shamba lina mgogoro, nyumba sijui kama imesimama, lakini pikipiki hakuna atakayekuja kuniambia ni ya babu yake. Asubuhi nabeba mafuta ya mawese, mchana abiria wa kupanda Bururi, jioni nachukua ndagala ufukweni nazipeleka milimani. Hesabu hiyo si ya kijinga hata kidogo. Ila matokeo yake ni kwamba akiba ya familia nzima, na pesa ya kikundi, na wakati mwingine hata ile pesa ya kurudi nyumbani, vyote vinawekwa kwenye chombo kimoja. Tapeli anajua hilo, na anajua pia kwamba uko kambini, huwezi kupanda gari kesho ukaende kuangalia.

Sasa tusome tangazo pamoja. Nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya kipindi, lakini nadhani maneno yake si mageni kwenu. Linasema hivi: «Boxer 150, imetumika kidogo Japani, hali safi kabisa. Dola 420 pamoja na usafiri mpaka bandari ya Rumonge. Siku 14 tu. Zimebaki mbili. Tuma nusu leo, nusu ukipokea.»

Ni maneno machache, lakini tuyapitie polepole, kama mama anavyochambua mchele.

«Boxer imetumika Japani.» Boxer ni pikipiki ya kampuni ya Bajaj, na Bajaj ni ya India, kama TVS nayo ilivyo ya India. Zinauzwa sana Afrika, ndiyo maana fundi yeyote wa Rumonge anazijua kwa kusikia mlio tu. Japani wana zao: Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki. Mtu anayekuambia anakuletea Boxer zilizotumika Japani ni sawa na anayekuambia ana ndagala zilizovuliwa Mombasa. Kabla hata ya kuuliza bei, hapo amekwisha kujieleza.

Na tuseme pikipiki ni ya Japani kweli. Bado kuna swali la vipuri. Pikipiki nyingi zilizotumika za kule ni skuta ndogo za mjini, au pikipiki kubwa za kutembelea barabara ya lami. Siku klachi itakapoisha, utaitafutia wapi? Sokoni Rumonge utapata ya TVS na ya Boxer, mpya na ya kubandua. Ile nyingine itakaa nyumbani, kuku watalala juu yake.

«Mpaka bandari ya Rumonge.» Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi watu wa ziwa ndio tungepaswa kushtuka kuliko wote. Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kwenda baharini. Maji yake yanatoka pale Kalemie kwa mto Lukuga, yanakwenda kujiunga na mto Kongo, lakini hakuna meli ya bahari inayopanda njia hiyo. Meli inayotoka Yokohama, Mumbai au Dubai na mzigo wa Burundi kwa kawaida inaushusha Dar es Salaam, na mara nyingine Mombasa. Kutoka Dar mzigo unakuja kwa lori mpaka mpakani Kabanga na Kobero, au unapanda reli ya kati mpaka Kigoma, halafu unavuka kwa meli ya ziwani mpaka bandari ya Bujumbura. Na ukifika Bujumbura bado una kilomita zaidi ya 70 za kushuka Rumonge, ukipita Gitaza pale mlima unapoisukuma barabara ziwani.

Kwa hiyo mtu akikutumia karatasi, angalia mahali palipoandikwa bandari ya kushushia. Karatasi hiyo kubwa inaitwa hati ya shehena, na hutolewa na kampuni ya meli au wakala wake baada ya mzigo kupakiwa. Ikiwa imeandikwa kwamba meli ya bahari itashusha mzigo Rumonge, au Nyanza-Lac, au hata Bujumbura, karatasi hiyo imetungwa na mtu ambaye hajawahi kuangalia ramani. Hati ya kweli inaweza kutaja Bujumbura kuwa ni mwisho wa safari, mahali pa kukabidhiwa mzigo, lakini bandari ya kushushia lazima iwe ya baharini. Hati ya kweli pia ina jina la meli, na kama mzigo uko ndani ya kontena, ina namba ya kontena: herufi nne na tarakimu saba. Kampuni kubwa za meli zina ukurasa wa kufuatilia kontena, bure, kwenye intaneti. Kijana yeyote mwenye simu ya kugusa anaweza kuingiza namba hiyo kwa dakika moja. Ila aufungue ukurasa wa kampuni yenyewe kwa kuutafuta, asibonyeze kiungo alichotumiwa na muuzaji. Matapeli wanatengeneza hata kurasa za kufuatilia mizigo, na ndani yake pikipiki yako inaonekana inakata mawimbi vizuri kabisa.

«Dola 420 pamoja na usafiri.» Wauzaji wa nje wana namna mbili za kutaja bei ambazo mtasikia kila mara. Ya kwanza ni FOB, maana yake bei ya chombo kikiwa kimepakiwa melini huko kinakotoka, basi. Nauli ya bahari ni juu yako. Ya pili ni CIF, maana yake bei na bima na nauli mpaka bandari ya huku, yaani Dar es Salaam. Katika zote mbili hakuna hata senti moja ya kutoa mzigo bandarini Dar, wala ya lori au reli mpaka Burundi, wala ya ushuru. Na ushuru katika Jumuiya ya Afrika Mashariki haupigwi juu ya bei ya pikipiki peke yake. Unapigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, halafu huja TVA ya asilimia 18 Burundi. Anayekusanya hayo ni OBR, mamlaka ya mapato. Kama una ndugu Rumonge au Bujumbura, mtume kwenye ofisi ya OBR aulize pikipiki ya aina fulani, ya mwaka fulani, itadaiwa kiasi gani. Kuuliza hakulipiwi. Mara nyingi jibu hilo peke yake linaua biashara yote, na ni afadhali ife hapo kuliko mbele.

«Siku 14.» Safari ya bahari peke yake kutoka Japani ni ya wiki kadhaa, kabla ya foleni ya bandari na ya mpaka. Hapo sisemi zaidi.

«Zimebaki mbili. Tuma leo.» Anakunyima usiku mmoja wa kulala na kuuliza wengine. Muuzaji wa kweli ambaye pikipiki yake imekaa kwenye uwanja miezi mitatu hawezi kufa kwa kungoja mpaka Jumatatu.

Na lile neno tamu la mwisho, «nusu ukipokea.» Watu wengi hulainika hapo. Wanasema, kama angekuwa mwizi angetaka zote. Ndugu zangu, kwa mtu asiyekuwa na pikipiki, nusu ni faida yote. Hana mtaji aliotoa. Picha amezichukua bure kwa mtu mwingine.

(Muziki mfupi.)

Tuendelee, kwa sababu nusu hiyo ni mlango tu. Tuchukue mfano. Kijana yuko Nyarugusu, mjomba wake yuko Rumonge, wamechanga na kutuma dola 210. Baada ya wiki moja unakuja ujumbe: pikipiki imepakiwa, hii hapa picha, ila inahitajika bima, dola 45. Wanatuma. Wiki inayofuata: imefika Kigoma, forodha wanataka cheti cha ukaguzi, dola 60. Wanauza mbuzi, wanatuma. Halafu: imekawia bandarini, kuna faini ya kuhifadhi, dola 15 kila siku, na isipolipwa kufikia Ijumaa itapigwa mnada. Sasa mnaona mtego ulivyo. Kila deni jipya ni dogo kuliko kile walichokwisha kutoa. Mjomba anasema tusipolipa hii 60 tutapoteza 210. Hakuna anayesema tulishaipoteza 210 siku ile ile ya kwanza. Pesa iliyokwenda ndiyo inayovuta pesa iliyobaki.

Hapo kuna swali moja la kumuuliza: wakala wa forodha anayetoa mzigo wetu ni nani, na ofisi yake iko mtaa gani Kigoma au Dar? Ushuru na ada za bandari hulipwa kwa hati yenye namba, na malipo yake huingia kwenye akaunti ya mamlaka au ya wakala mwenye leseni. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu aliyejiita afisa. Mkiambiwa mtume ada ya serikali kwa Lumicash, EcoCash au M-Pesa yenye jina la mtu binafsi, simameni hapo hapo, hata kama Ijumaa ni kesho.

Wengine watasema, lakini mimi nimeangalia, kampuni ipo kweli. Inawezekana ipo. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya tarakimu 13, na idara ya kodi ya Japani inaruhusu mtu yeyote kuitafuta kwenye intaneti. Kuna pia chama cha wauzaji wa vyombo vilivyotumika wa Japani, kinaitwa JUMVEA, chenye orodha ya wanachama wake. Vitu hivi vinasaidia. Lakini tapeli mjanja habuni kampuni, anaiba jina. Anachukua jina la kampuni ya kweli, anwani ya kweli, nembo ya kweli, anabadilisha vitu viwili tu: namba ya WhatsApp na akaunti ya benki. Kwa hiyo ukishapata kampuni, iandikie kwa anwani iliyoko kwenye ukurasa wake wenyewe, uwaulize: je, mtu huyu ni wenu, na akaunti hii ni yenu? Na jina la mwenye akaunti lazima liwe jina la kampuni, katika nchi ya kampuni. Kampuni ya Japani inayotaka ulipe kwa mtu binafsi aliyeko nchi nyingine, kwa Western Union, kwa sababu «benki yetu inafanyiwa marekebisho», hiyo si kampuni.

Burundi hapa pana ugumu wa ziada ambao lazima tuuseme wazi. Dola ni adimu benki, kwa hiyo watu wamezoea kutuma pesa kupitia mfanyabiashara fulani, anayemjua mwingine Dubai, anayemjua mwingine. Njia hiyo inafanya kazi siku nyingi, na siku isipofanya kazi huna karatasi hata moja ya kumwonyesha hakimu. Mimi simlaumu anayeipitia. Ninachosema ni kwamba msipitishe humo pesa za kikundi.

Jambo jingine, na hili linauma. Mara nyingi tangazo haliletwi na mgeni. Linaletwa na binamu, na jirani wa kijiji kimoja, na mtu tunayesali naye. Naye hana nia mbaya. Ametumiwa, ameamini, ameahidiwa kamisheni kidogo akileta watu watano. Unapomuuliza maswali, anaona unamtukana. Hapo tumia maneno ya adabu tu: «Ndugu yangu, wewe nakuamini, lakini huyu aliyeko nyuma yako simjui. Wewe umeshaipanda hiyo pikipiki yako?» Kama bado anaingoja, basi naye ni mteja kama wewe.

Kuna pia wanaojifanya ni watu wa mashirika. Wanasema UNHCR au shirika fulani linauza Yamaha zake za zamani, toa pesa ya kuandikisha jina. Huduma za UNHCR kwa wakimbizi ni bure, na hakuna orodha ya kulipia. Ukisikia kitu cha namna hiyo, nenda ofisini, uliza kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa mtaniuliza, mzee, basi tufanye nini, tusinunue? Maoni yangu ni haya, na mnaweza kuyakataa: kwa familia inayotaka pikipiki moja ya kazi, kuagiza nje iliyotumika hakulipi, hata muuzaji akiwa malaika. Wafanyabiashara wakubwa wanaleta Boxer na TVS nyingi kwa pamoja, mpya, ndani ya maboksi, zinaunganishwa huku, na gharama ya safari inagawanyika. Wewe mwenye moja utabeba gharama yote peke yako. Nunua iliyotumika hapa hapa ziwani, Rumonge, Nyanza-Lac, Bujumbura, mahali ambapo ndugu yako anaweza kuiwasha asubuhi injini ikiwa baridi.

Na hapo pia asiende peke yake. Aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na lazima ifanane herufi kwa herufi na iliyoko kwenye kadi ya pikipiki, ile wanayoiita carte rose. Pikipiki za India kwa kawaida zina herufi na tarakimu 17, zinaanza na M, na namba hizo hazitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona O, kuna mtu alikuwa na patasi. Ukiona chuma kimesuguliwa au rangi mpya pale shingoni peke yake, ondoka. Pikipiki zilizovuka ziwa usiku kwa mtumbwi bila hati ni rahisi, ndiyo, lakini siku polisi watakaposimamisha barabarani, watakayemuuliza ni wewe. Na kabla ya yote, wewe uliyeko kambini uliza kama unaruhusiwa kuwa nayo na kuiendesha: Tanzania muulize Mkuu wa Kambi, Burundi waulize ONPRA, Kongo waulize CNR. Mtu amenunua vizuri, kwa bei nzuri, akanyang'anywa getini, huyo naye amepoteza. Hesabuni na petroli, maana miaka hii Burundi pikipiki nyingi nzima zimelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Nimalizie kwa wale ambao wakati nazungumza wamekaa kimya, kwa sababu pesa wameshatuma. Msione aibu, na msifute ujumbe hata mmoja kwa hasira. Hifadhini namba, picha, sauti, na risiti za kutuma. Kama mlituma kwa simu leo au jana, pigeni sasa hivi huduma kwa wateja ya mtandao wenu, waombeni wazuie. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa, iliyotolewa ni vigumu. Kisha pelekeni taarifa polisi, na kwa wanaoshughulikia ulinzi kambini, wajue namba hiyo inazunguka. Waambieni na majirani, maana tangazo hilo halikuja kwenu peke yenu.

Na mtarajie simu nyingine. Baada ya wiki mbili au mwezi, atapiga mtu mwenye sauti ya upole, atasema ni polisi wa kimataifa, au ni wakili, au ni wa benki. Atajua jina lako, atajua kiasi ulichopoteza mpaka dola ya mwisho, na atasema wamemkamata yule mwizi, pesa yako ipo, imebaki ada ndogo ya kuifungua. Jiulize amejuaje kiasi hicho. Ni yule yule, au ameuziwa namba yako na yule yule. Kata simu.

(Muziki wa kufungia.)